Rangi Tatu za Leza: Jinsi Mitetemo ya Molekuli Inavyosomwa Ndani ya Pikosekunde

Wekundu wa mawese unatokana na karotini, molekuli zilezile zinazoipa karoti rangi yake. Beta-karotini hufyonza mwanga wa buluu, lakini nishati hiyo haikai nayo. Ndani ya femtosekunde 200 hivi imeshateremka kutoka hali ya juu ya msisimko hadi hali iliyo chini yake. Hali hiyo ya pili nayo hudumu kwa wastani wa pikosekunde 9 hivi, kisha nishati inageuka joto na molekuli inarudi ilipoanzia. Femtosekunde 1000 ni pikosekunde moja, na pikosekunde milioni mara milioni ni sekunde moja. Mwanga, ambao kwa sekunde moja ungeizunguka dunia mara saba na nusu, katika femtosekunde moja husogea mikromita 0.3 tu.

Kuona kwamba rangi ya molekuli imebadilika katika muda mfupi kiasi hicho ni kazi iliyokwisha kuzoeleka. Mmisri Ahmed Zewail alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa kuifungua njia hiyo. Kazi ngumu zaidi ni kujua bondi ipi, yaani kiungo kipi kati ya atomu na atomu, imelegea, ipi imekaza, na lini. Hapo ndipo inapoingia spektroskopia ya Raman ya kuchochewa kwa mipigo ya femtosekunde, yaani njia ya kusoma mitetemo ya molekuli kwa mimweko mifupi mno ya mwanga, na hapo ndipo uwezo wa kubadilisha rangi ya leza unapokuwa jambo la lazima. Rangi unayochagua ndiyo inayoamua kama utaona kitu, na pia kama ulichokiona kinaaminika.

Bondi ni springi

Atomu mbili zilizoungana hazitulii. Hukaribiana na kuachana kama vitu viwili vilivyofungwa kwenye springi, na wepesi wa kwenda na kurudi hutegemea ugumu wa bondi na uzito wa atomu. Bondi ngumu hutetema haraka. Atomu nzito hutetema polepole. Ndiyo maana bondi ya kaboni na hidrojeni ina mstari wake karibu na 3000 cm⁻¹, lakini ukiweka deuteri, aina ya hidrojeni iliyo nzito mara mbili, mahali pa hidrojeni ya kawaida, mstari hushuka hadi karibu 2200 cm⁻¹.

Kipimo hiki cha cm⁻¹ huhesabu mawimbi yanayoingia katika sentimita moja. Ukitaka kukigeuza kuwa muda, gawanya 33,356 kwa namba uliyo nayo, utapata femtosekunde za mtetemo mmoja. Beta-karotini iliyotulia ina mistari mitatu mikubwa: karibu 1525 cm⁻¹ ni bondi maradufu za kaboni, karibu 1157 ni bondi za kaboni zisizo maradufu, na karibu 1005 ni vikundi vya methili. Kwa hiyo bondi maradufu inakwenda na kurudi mara moja kila femtosekunde 22 hivi.

Njia ya kusoma mistari hii kwa mwanga unaoonekana iligunduliwa Kolkata, India, tarehe 28 Februari 1928, na C. V. Raman akiwa na K. S. Krishnan. Mwanga wa rangi moja ukipita katika kimiminika, sehemu ndogo sana hutoka ikiwa imesogea kuelekea wekundu, kwa sababu imeiachia molekuli nishati ya mtetemo mmoja. Tofauti kati ya rangi iliyoingia na iliyotoka ndiyo namba ya mtetemo. Tatizo la Raman ya kawaida ni udhaifu wake: pengine fotoni (chembe ya mwanga) moja tu katika milioni kumi hubadilika hivyo, na molekuli nyingi zenye rangi hutoa mng'ao wao wenyewe unaoifunika kabisa.

Kwa nini mpigo mmoja hautoshi

Mpigo mfupi wa leza hauwezi kuwa wa rangi moja. Usilaumu kifaa kwa hili. Ndiyo tabia ya mawimbi. Kwa mpigo wenye umbo la kengele uliobanwa vizuri, gawanya 14.7 kwa urefu wake katika pikosekunde, na jibu ni upana wa rangi zake kwa cm⁻¹. Mpigo wa femtosekunde 50 una upana wa cm⁻¹ 294. Ukiutumia peke yake katika Raman ya kawaida, mistari ya 1157 na 1005 inaungana ikawa kilima kimoja. Mpigo wa pikosekunde 1.5 una upana wa cm⁻¹ 10 hivi na unaitenganisha mistari vizuri, ila mpaka unamalizika kupita, karotini imeshateremka ngazi nzima.

Suluhisho ni kugawa kazi kwa mipigo mitatu. Wa kwanza, mpigo wa kuamsha, ni mfupi na unaisisimua molekuli; saa inaanza kuhesabu hapo. Baada ya muda uliochaguliwa inafika miwili kwa pamoja: mpigo wa Raman, ambao ni mrefu wa pikosekunde moja hadi tatu na una rangi moja nyembamba, na mpigo wa kupima, ambao ni mfupi chini ya femtosekunde 100 lakini umebeba rangi nyingi kwa wakati mmoja. Mpigo wa kupima unapotua juu ya ule wa Raman, ndani yake mna rangi ambayo tofauti yake na rangi ya Raman inalingana barabara na mtetemo wa bondi. Kwa pamoja wanaisukuma bondi itetemeke, na kwenye rangi hiyo mwanga wa kupima unaongezeka. Ongezeko hilo linatoka likielekea palepale unakoelekea mpigo wa kupima, kama mwale mmoja, na mng'ao unaosambaa pande zote unaachwa nyuma.

Mtu akisikia haya mara ya kwanza huuliza: mbona muda na rangi vimepatikana vyote? Hakuna kanuni iliyovunjwa. Mtetemo unaanza wakati unaojulikana, yaani pale mpigo mfupi unapofika. Kisha bondi inaendelea kutetema huku mpigo mrefu wa Raman ukiendelea kuimulika, na spektromita, kifaa cha kutenganisha rangi, inakusanya mwanga wa kipindi chote hicho. Mstari wenye upana wa cm⁻¹ 10 una maana kwamba mtetemo ulidumu kwa mpangilio pikosekunde moja hivi. Hivyo unajua mtetemo ulianza lini kwa usahihi wa femtosekunde, na wembamba wa mstari unaupata kwa kungoja. Gharama yake ni hii: molekuli ikibadilika sana ndani ya pikosekunde hiyo ya kungoja, mstari hutoka umepinda au umevimba. Usiusome kama picha ya papo kwa papo.

Leza moja, matawi matatu

Mipigo yote hutoka katika chanzo kimoja, la sivyo haitafika kwa wakati. Chanzo cha kawaida ni leza ya fuwele ya yakuti samawi yenye titani, inayotoa mwanga wa nanomita 800, mipigo 1000 kwa sekunde, kila mmoja wa femtosekunde 35 hadi 100 na nishati ya milijuli chache. Nishati hiyo ingeichoma fuwele yenyewe kama si mbinu ya Donna Strickland na Gérard Mourou ya mwaka 1985, iliyowapa Nobel ya Fizikia mwaka 2018: mpigo hunyooshwa uwe mrefu, hukuzwa, kisha hubanwa tena.

Tawi la kupima ndilo dogo kuliko yote. Chukua mikrojuli moja hivi ya nanomita 800 na uilenge kwa lenzi ndani ya kibao cha yakuti samawi cha milimita 2 au 3. Ongeza nishati polepole kwa kuzungusha kichujio hadi utokee mwanga mweupe, kisha simama. Doa zuri ni la mviringo na halichezi. Ukizidisha, mwanga hugawanyika kuwa nyuzi kadhaa ndani ya kibao, doa linaanza kumemeta, na kipimo kizima kinajaa kelele ambayo hakuna hesabu itakayoiondoa. Wanaohitaji buluu zaidi hutumia fuwele ya kalsiamu floridi, lakini hiyo lazima isogezwe muda wote, maana ikikaa mahali pamoja inaungua.

Tawi la kuamsha hupitia kikuzaji cha parametriki. Ndani yake fuwele ya bariamu borati huigawa fotoni moja kubwa kuwa mbili ndogo ambazo jumla ya nishati zao ni ileile. Ukiisukuma kwa nanomita 800, unapata jozi: moja kati ya nanomita 1160 na 1600, nyingine kati ya 1600 na 2600. Ukizungusha fuwele nyuzi chache, jozi inabadilika. Ukitaka rangi zinazoonekana, isukume kwa nanomita 400 na uruhusu miale ikutane kwa pembe ndogo ndani ya fuwele. Hapo utapata mipigo ya takriban nanomita 480 hadi 720, mingine mifupi ya femtosekunde 20 au 30.

Jozi ya kwanza ina matumizi mengine yanayostahili kutajwa. Ukichanganya nanomita 1413 na 1843 katika fuwele ya kutoa tofauti, unapata infraredi ya 1650 cm⁻¹, ambayo inagonga moja kwa moja bondi za kaboni na oksijeni za protini. Ni njia nzuri sana, ila maji ya kawaida nayo hufyonza karibu na 1645, kwa hiyo sampuli hutengenezwa katika maji mazito (yenye deuteri), na njia nzima ya mwanga hupulizwa nitrojeni kavu kuondoa mvuke.

Kuchagua rangi ya mpigo wa Raman

Kuna njia nyepesi ya kupata mpigo wa Raman: chukua nanomita 800, uisambaze kwa gretingi, yaani kioo kilichochorwa mistari, uipitishe kwenye mwanya mwembamba, uikusanye tena. Mwanya ndio unaochagua upana, na upana ndio unaotoa urefu wa mpigo. Mbinu hii inafanya kazi, lakini nanomita 800 iko mbali na rangi ambazo molekuli nyingi hufyonza. Hapo ishara ni hafifu na, kibaya zaidi, kila molekuli iliyomo huonekana sawasawa: kiyeyushi, molekuli zilizotulia, na zile chache zilizosisimka ambazo ndizo ulizozifuata.

Ukiisogeza rangi ya Raman karibu na rangi ambayo hali ya msisimko yenyewe inafyonza, mistari ya hali hiyo hukua mara nyingi huku ya wengine ikibaki ilivyo. Hii ndiyo resonansi, na ndiyo sababu watu hujitesa kutengeneza mpigo wa Raman unaobadilishika rangi.

Kujitesa si neno la kutia chumvi. Ukichukua mpigo wa femtosekunde 50 na kuukata kwa mwanya ubaki cm⁻¹ 10 kati ya 294, umetupa asilimia 97 ya nishati. Njia bora ni kutengeneza nakala mbili za nanomita 800 zilizonyooshwa kinyume: katika moja nyekundu hutangulia, katika nyingine buluu hutangulia. Zikutanishe katika fuwele ya kujumlisha. Kila wakati mmoja unapopanda, mwenzake anashuka kwa kiasi hichohicho, na jumla inabaki palepale: nanomita 400, nyembamba, ndefu ya pikosekunde chache, na nishati nyingi imehifadhiwa. Mpigo huo ndio unaosukuma kikuzaji cha pili, kinachopandwa, kama mbegu, kipande chembamba cha mwanga mweupe cha rangi unayoitaka.

Beta-karotini mezani

Beta-karotini ilikuwa miongoni mwa molekuli za mwanzo kupimwa hivi, nchini Japani na katika maabara ya Richard Mathies huko Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 2000. (Mwili wa binadamu huigawa beta-karotini kupata retinali ya macho, na mwaka 2005 maabara hiyohiyo ya Berkeley ilitumia njia hii kufuatilia retinali inavyojipinda ndani ya rodopsini, protini ya jicho inayopokea mwanga.) Bado ni molekuli nzuri ya kujifunzia, kwa sababu majibu yake yanajulikana.

Yeyusha miligramu 2.7 za beta-karotini katika mililita 100 za kiyeyushi cha saikloheksani. Katika kisanduku cha kioo chenye unene wa milimita 1, myeyusho huo utakuwa na kipimo cha ufyonzaji cha takriban 0.7 kwenye kilele chake cha buluu, yaani moja ya tano tu ya mwanga itapita. Uzungushe kwa pampu ndogo ili kila mpigo ukute molekuli mpya. Ukinge na mwanga na hewa, kwa sababu karotini huoksidika na rangi yake hufifia. Pima ufyonzaji kabla na baada ya kazi, na ukipungua kwa zaidi ya asilimia chache, data ya mwisho usiitegemee.

Mpigo wa kuamsha uwekwe karibu na nanomita 490, pembeni mwa ufyonzaji. Kutumia nanomita 400, ambayo ni rahisi kuipata, kungeiongezea molekuli nishati ya cm⁻¹ 4600 hivi isiyo na kazi, na ungekuwa unapima joto. Nanojuli 100 hadi 200 zinatosha kwa doa la mikromita 100 hivi. Ukitia shaka, punguza kwa nusu: ishara nayo ikipungua kwa nusu, uko salama.

Hali ya pili ya msisimko, ile ya pikosekunde 9, inafyonza kwa nguvu karibu na nanomita 550 hadi 560. Mgeni wa kazi hii huweka mpigo wa Raman hapohapo kileleni. Haifai. Kileleni mpigo wa Raman unazipandisha ngazi nyingine molekuli zilezile unazozipima, na mistari hutoka na umbo la kupanda na kuzama badala ya kilele safi. Weka nanomita 580: resonansi ya kutosha ipo, mistari ni safi zaidi, na karotini iliyotulia haifyonzi hapo.

Kwa rangi hiyo, mstari wa saikloheksani wa 801.3 cm⁻¹ utatokea nanomita 608.3. Huo ndio rula yako. Anza siku kwa kuupima, pamoja na ile ya 1028.3, 1266.4 na 1444.4, kabla hujawasha mpigo wa kuamsha. Kisha washa. Mstari wa 1525 utapungua, kwa kuwa molekuli zilizotulia zimepungua, na nanomita 647.2 utaota mstari mpya karibu na 1790 cm⁻¹. Katika pikosekunde ya kwanza ni mpana na uko chini kidogo. Unasogea juu na kuwa mwembamba kadiri molekuli inavyopoza joto lake, halafu unafifia.

Namba 1790 inashangaza kwa haki. Kusisimua elektroni kwa kawaida hulegeza bondi maradufu, kwa hiyo mtu angetarajia namba ishuke. Imepanda kwa sababu mtetemo huu unaifunga hali ya msisimko na hali ya utulivu zenye ulinganifu wa aina moja: zinasukumana, na ile ya juu inasukumwa juu zaidi, kana kwamba springi yake imekazwa.

Yanayoharibika

Muda ndio wa kwanza. Kitoroli chenye vioo kikisogea mikromita 1 kwenye reli, njia inaongezeka mikromita 2, yaani femtosekunde 6.7. Hilo kila mtu analikumbuka. Linalosahaulika ni kioo: ukiingiza kichujio cha milimita 1 katika tawi moja, umelichelewesha kwa takriban pikosekunde 1.7, na sifuri yako ya muda imepotea. Kila kilichoongezwa au kuondolewa njiani kinadai sifuri itafutwe upya.

Mpigo wa kupima ufike mpigo wa Raman ukiwa ndiyo kwanza umepanda. Ukifika mwishoni, mtetemo unakosa mwanga wa kuendelea kuusoma, na mistari yote inavimba pamoja. Ukiona hata mstari wa 801.3 umekuwa mpana, usiilaumu karotini. Sogeza mpigo wa Raman.

Kelele nayo ina hesabu yake. Mwanga mweupe hubadilika labda asilimia 1 kutoka mpigo hadi mpigo, na ongezeko unalotafuta linaweza kuwa chini ya asilimia 0.1. Gurudumu la kukatiza huruhusu mpigo wa Raman mara moja na kuuzuia mara moja, kamera inasoma kila mpigo, na unagawanya spektra mbili zinazofuatana. Jozi 10,000, ambazo ni sekunde 20, hupunguza kelele mara 100.

Usalama hauna mjadala. Nanomita 800 jicho linaiona kama wekundu hafifu hata ikiwa na nguvu ya kupofusha, na miwani iliyokufaa asubuhi kwa rangi moja haikufai mchana ukishabadilisha rangi. Soma namba zilizoandikwa kwenye miwani kila unapogeuza fuwele.

Lakini kinachopotosha watu wengi zaidi ni mstari wa msingi. Ufyonzaji wa hali ya msisimko hubadilika mpigo wa Raman unapogonga molekuli, na huacha vilima vipana chini ya mistari yako. Vilima hivyo huondolewa kwa kuchora mkunjo laini na kuutoa. Mkunjo wenye pointi nyingi mno unaweza kutengeneza kilele kisichokuwepo, kizuri na chembamba, na kitajirudia kila siku kwa sababu kosa nalo linajirudia.

Dawa yake ni rangi. Sogeza mpigo wa Raman kutoka nanomita 580 hadi 585 bila kugusa kitu kingine, kisha pima tena. Mtetemo wa kweli hukaa umbali uleule kutoka rangi ya Raman, kwa hiyo mstari wa 1790 lazima uhame kutoka 647.2 hadi 653.4 kwenye kamera, na ule wa saikloheksani uhame pamoja nao. Kilele kitakachobaki kwenye 647.2 si bondi ya karotini. Kitafute kwenye mkunjo wako kwanza, halafu kwenye madoa ya kamera.